Kuchanua Bila Majira: Jinsi Joto la Olkaria Lilivyofikishwa kwenye Waridi la Naivasha

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, wageni humiminika Lisse, mji mdogo wa Uholanzi, kuitazama bustani ya Keukenhof. Ni bustani yenye historia ndefu. Katika karne ya 15 ardhi yake ilikuwa ya mawindo na ya kulimia mboga za jikoni kwa mtawala Jacoba wa Bavaria. Kasri likajengwa mwaka 1641. Mwaka 1857 Jan David Zocher na mwanawe wakaipanga upya. Na mwaka 1950 umma ukafunguliwa lango. Siku hizi hekta zake 32 hupandwa matunguu yapatayo milioni 7 kila mwaka kabla ya baridi kukaza. Wiki nane hivi za maua, kisha lango hufungwa.

Ufupi huo hautokani na uamuzi wa wasimamizi. Tunguu la tulipu halitoi ua zuri mpaka lipitie wiki 12 hadi 16 za baridi kali udongoni. Baridi ndiyo saa yake, na saa hiyo ikishapiga, ua haliwezi kungojeshwa.

Naivasha, nchini Kenya, haina saa ya aina hiyo. Ziwa lake liko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwenye kimo cha mita 1,900 hivi, na urefu wa mchana wa Januari na ule wa Julai haupishani hata dakika kumi. Anayetaka bustani za kihistoria zenye maua hapa hana haja ya kuulizia mwezi. Kwenye ufuo wa kusini, kando ya Barabara ya Moi South Lake, kuna Elsamere, makazi ya Joy Adamson ambayo sasa ni makumbusho na nyumba ya wageni. Dunia humkumbuka kwa simba Elsa, ila kabla ya Elsa alikuwa mchoraji wa maua. Alifika Kenya mwaka 1937, mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na michoro yake ya mimea ya Afrika Mashariki ikamletea medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza mwaka 1947. Wageni hunywa chai kwenye nyasi za nyumba yake, mbega wakirukaruka juu ya migunga yenye magome ya manjano.

Mbele zaidi kwenye barabara hiyo kuna Oserian, na hapo ndipo mambo yanapogeuka kuwa ya kiufundi. Kwenye ukingo wa ziwa kuna jumba jeupe lenye kuba, lililojengwa na Cyril Ramsay-Hill miaka ya 1920 kwa mtindo wa Wamoro, ambalo walowezi walilibandika jina la Djinn Palace. Baadaye lilikaliwa na Josslyn Hay, Bwana Erroll, yule aliyepigwa risasi karibu na Karen Januari 1941 na kesi ya mauaji yake ikaisha bila mtu kutiwa hatiani. Mwaka 1969 shamba hilo lilinunuliwa na familia ya Hans Zwager, mzaliwa wa Uholanzi. Mwanzo ulikuwa wa mboga. Maua yaliingia mwaka 1982, yakianza na statisi, ua dogo la kukausha lisilodai makuu, na baadaye waridi likatwaa nafasi ya mbele.

Je, mahali pasipo na majira, ni nini kinachoamua waridi lichanue lini?

Jibu la kwanza ni mkasi. Waridi la biashara halijali urefu wa usiku kama ua la krisanthemamu linavyoujali. Ukikata shina juu ya jicho zuri, jicho hilo huamka, huchipua, hurefuka na kutoa tumba. Naivasha, safari hiyo huchukua wiki saba hadi tisa kutegemea aina ya ua na joto la miezi hiyo. Mkulima kwa hiyo huhesabu kurudi nyuma. Maua ya tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, yanapaswa kuvunwa kati ya mwisho wa Januari na siku za mwanzo za Februari, ili yapate muda wa kupangwa, kupozwa, kusafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi na kufika madukani Ulaya. Ukitoa wiki nane, unaangukia mwanzo wa Desemba. Huo ndio wakati wa kukata mashina kwenye vitalu vya waridi jekundu. Kitalu kingine hukatwa mwanzoni mwa Januari kwa ajili ya Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi. Na kile kilichovunwa kwa wapendanao huwa kimerudi na maua mapya mwishoni mwa Machi, karibu na siku ambayo Waingereza huwaadhimishia mama zao.

Mkasi una msaidizi: kukunja matawi. Machipukizi membamba, yasiyoweza kutoa ua la kuuzwa, hayatupwi. Hulazwa pembeni ya mmea yakiwa hai, majani yake yaendelee kutengeneza chakula, na sukari hiyo huenda kwenye machipukizi manene yanayosimama wima. Chini yake, mmea wenyewe huwa umepandikizwa, mara nyingi juu ya shina-mzizi la aina ya Natal Briar, na katika mashamba mengi mizizi haigusi udongo wa bonde. Imo kwenye vyombo vya pamisi, lile jiwe jepesi la volkano linalopatikana humuhumu Bonde la Ufa, au makumbi ya nazi. Maji yenye mbolea huja kwa matone, na yanayochuruzika hukusanywa yatumike tena.

Lakini kuna kitu mkasi hauwezi: usiku wa Naivasha. Mchana jua huwaka, na usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hewa ya kivungulio kilichofungwa ikipoa hushindwa kubeba unyevu uliotoka kwenye majani mchana kutwa, na plastiki ya paa hutoa jasho kama kifuniko cha sufuria. Matone hudondoka juu ya matumba. Kuvu wa botritisi, yaani ukungu wa kijivu, anahitaji saa chache tu za petali kuwa na maji ili aanze kuingia. Mara nyingi doa halionekani siku ya kuvuna. Hujitokeza ndani ya boksi, njiani, na mnunuzi hupokea ua lililooza. Ukungu wa majani nao hupenda hali hiyohiyo. Tiba ya kawaida ilikuwa kupuliza dawa, na dawa ina gharama yake, mabaki yake na masharti ya wanunuzi wa Ulaya.

Njia nyingine ni kuipasha hewa joto. Hewa ikiongezwa nyuzi chache, kiasi kilekile cha maji ndani yake huwa unyevu mdogo kwa asilimia, majani hukauka, na kuvu hukosa mlango. Wakulima wa Uholanzi hufanya hivyo kwa gesi. Kwa shamba la Kenya, kuchoma mafuta kila usiku kungekula faida yote.

Oserian ilikuwa na jirani asiye wa kawaida. Nyuma ya mashamba yake kuna Olkaria, ambako Kenya ilianza kuzalisha umeme wa jotoardhi mwaka 1981. Si kila kisima kilichochimbwa pale kiliunganishwa na mitambo ya umeme. Shamba lilikodi kutoka kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen kisima kimoja cha namna hiyo, OW-101, na kuanzia mwaka 2003 likaanza kuvipasha vivungulio vyake joto, hadi mfumo ukafikia takriban hekta 50. Mwaka uliofuata likawasha pia mtambo wake mdogo wa umeme, wa takriban megawati 2, kwa mvuke wa kisima kingine.

Namna mfumo wa joto ulivyounganishwa ndiyo somo lenyewe. Maji ya kisima hayakupelekwa moja kwa moja kwenye maua. Majimaji ya jotoardhi hubeba silika, ambayo hukaa vizuri ikiwa moto na kuganda kama utando wa jiwe ndani ya bomba inapopoa. Hubeba pia gesi ya hidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu, isiyofaa kwa mmea wala mfanyakazi. Kwa hiyo joto pekee ndilo lililovushwa: majimaji ya kisima yakapita upande mmoja wa mtambo wa kubadilishia joto, maji safi yakapita upande wa pili bila kuchanganyika nayo. Maji hayo safi yaliyopata moto yalihifadhiwa kwenye tangi, na yakasukumwa ndani ya mabomba yaliyolazwa kati ya matuta ya waridi, hasa saa za kabla ya alfajiri ambapo unyevu uko juu kabisa. Yakipoa, hurudi kupashwa tena.

Tangi lina maana kuliko linavyoonekana. Kisima hutoa joto lilelile saa 24, ila waridi hulihitaji saa chache tu za usiku. Bila mahali pa kulihifadhi, kisima kingepaswa kuwa kikubwa zaidi ili kitosheleze saa zile za kilele, na mchana joto lake lingepotea bure.

Kisima kilikuwa na zawadi ya pili. Pamoja na mvuke hutoka hewa ukaa, ambayo kwa mmea ni chakula. Ndani ya kivungulio kilichofungwa, majani yakianza kazi asubuhi, hewa hiyo hupungua haraka, chini hata ya kiwango cha nje cha takriban sehemu 420 kwa milioni. Oserian iliipeleka kwa mabomba hadi kwenye mimea. Hapa, hata hivyo, ikweta hutoza kodi yake. Kufikia adhuhuri jua huwa limekipasha kivungulio kiasi kwamba matundu ya paa lazima yafunguliwe, na gesi iliyoletwa kwa gharama hutorokea humo. Faida kubwa imo kwenye saa za asubuhi, kabla matundu hayajafunguliwa. Mholanzi wa Februari, ambaye kivungulio chake hufungwa kutwa, hana shida hiyo. Yeye hukosa jua.

Ukipima yote, mfumo ule haukuifanya Naivasha ichanue, ingechanua vyovyote. Uliondoa kubahatisha. Usiku uliopashwa joto humaanisha petali safi na, kwa kiasi fulani, ratiba inayotabirika zaidi, kwa sababu wiki ya baridi isiyotarajiwa mwezi wa Januari inaweza kusogeza mavuno siku kadhaa, na waridi jekundu linalofika Ulaya tarehe 16 Februari huuzwa kwa bei ya huruma.

Kwa nini basi mashamba mengine hayakufuata kwa wingi? Maji moto hayapendi safari. Kila kilomita ya bomba huongeza bei na hupoteza joto, na mashamba mengi ya waridi ya Bonde la Ufa yako mbali na visima. Yaliyo juu zaidi, kuelekea Njoro, Molo na Subukia, yana usiku wenye baridi kuliko wa Naivasha. Waridi lake hukua polepole na hutoa kichwa kikubwa kinacholipa vizuri, na wakulima wake wangefaidika sana na joto la bei nafuu. Oserian yenyewe, iliyokaa mlangoni pa Olkaria, imeanza kuigeuza sehemu ya ardhi yake kuwa eneo la viwanda, Oserian Two Lakes, ambako mvuke ni kivutio cha kuwaita wawekezaji wa kila aina.

Jaribio linalofuata liko juu ya jiji la Nakuru. Ndani ya kreta ya Menengai, kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa Sosian wa megawati 35 ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi. Kando ya visima GDC ilijenga miradi ya mfano inayotumia joto moja kwa moja: kivungulio, mtambo wa kuchemshia maziwa, mabwawa ya samaki na dobi. Kivungulio hicho ni kidogo, cha kuonyesha tu. Ili kigeuke biashara, mkulima wa maua atahitaji ardhi karibu na kisima, bomba fupi na mkataba wa joto wa miaka mingi. Kingo za kreta ni mwinuko, na kuta zake ni za mawe ya lava, kwa hiyo hesabu ya kwanza itakuwa ya bomba: litapita wapi, kwa urefu gani, na nani atalilipia.