Sufuria Iliyoikataa Sumaku

Jamani, imefika! Nimeinunua leo asubuhi sokoni Mumias, sufuria ya stenlesi, mfuniko unang'aa hadi naona meno yangu. Kabla hata ya kuipeleka jikoni nimeipindua. Chini imepigwa chapa: 18/10. Mwili ukanisisimka! Maana yake kromi kama asilimia 18, nikeli kama 10, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni chuma.

Jaribio la kwanza: sumaku niliyoichomoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Nimeigusisha sarafu ya shilingi moja, ile ya twiga iliyotoka Desemba 2018. Pa! Imenata. Hiyo ni chuma kilichovikwa nikeli. Nikaiweka ubavuni mwa sufuria: ikateleza, ikaanguka sakafuni. Ajabu iliyoje! Chuma hunaswa na sumaku, nikeli nayo hunaswa, ila zikiyeyushwa pamoja na kromi kwa kipimo hiki, hazinaswi. Nikeli imebadilisha mpangilio wa chembe za chuma. Kwenye sarafu ni koti tu; humu imeingia hadi kwenye mifupa! Kromi inafukuza kutu, nikeli inalifanya bamba likubali kukandamizwa liwe sufuria bila kupasuka.

Jaribio la pili: mboga ya mrenda na munyu wa majivu. Huku kwetu kila mpishi anajua munyu unavyoitia alumini weusi. Nimepika, nimeosha, nimechungulia: meno yangu yako palepale!

Kasoro? Zipo. Bei inauma. Ni nzito. Chai kwenye sufuria ya alumini huchemka upesi, maana alumini hupitisha joto vizuri zaidi. Hapa moto wa kuni ukielemea upande mmoja, ugali unashika upande huohuo.

Lakini sasa naiona nikeli kila niendako: sinki, mabomba ya viwandani, betri za magari ya umeme. Na nyingine imelala ardhini kule Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, ikingoja kuchimbwa!

Jirani kasikia kelele zangu, kaja na kijiko chake cha stenlesi tukipime. Pa! Kimenata. Ni stenlesi kweli, ya kromi, ila nikeli hamna. Nimemrudishia kwa mikono miwili, pamoja na bakuli la mrenda, tusije tukakosana.

Alama: tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya ugali.