Fundi wa Baada ya Upepo

Usukuma, mvua za kwanza hutanguliwa na upepo. Oktoba au Novemba, baada ya siku kadhaa za joto la kukaba roho, wingu jeusi hupanda upande mmoja wa mbuga, vumbi huinuka, na kabla tone halijaanguka mabati yameshaanza kupiga kelele. Mwakitolyo, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Shinyanga Vijijini, nayo iko kwenye njia ya upepo huo. Haukai sana. Ukishapita, kuna nyumba ambayo paa lake liko shambani kwa jirani, na kuna darasa ambalo watoto wakiinua macho wanaona mawingu.

Hapo ndipo anapoitwa mtu ninayetaka kumsifu. Tumezoea kumsifu anayejenga: siku ya kupaua huchinjwa kuku, na mafundi hushuka kenchini wakipongezwa. Anayeitwa baada ya upepo hana sherehe. Anakuta godoro limeanikwa nje, mwenye nyumba hana fedha, na wingu lingine linapanda. Tena kazi yake ni ngumu kuliko ya mwenzake wa kwanza, kwa sababu kabla hajagusa msumari inambidi ajue kwa nini paa lile halikukaa.

Wengi hudhani paa hukaa kwa uzito. Ndiyo maana juu ya mabati ya mitaa yetu utaona mawe, matairi mabovu na vyuma vilivyokatika kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Lakini upepo hausukumi paa tu, hulinyanyua. Unapopita kwa kasi juu ya bati, mgandamizo wa hewa ya juu hupungua, na hewa iliyomo ndani hubaki na nguvu zake. Mlango au dirisha la upande wa upepo likiwa wazi, upepo huingia na kusukuma kutokea chini. Bati huvutwa na kusukumwa kwa wakati mmoja, na pembe, kingo za upenu na kilele ndiko kunakovutwa zaidi. Kwa hiyo paa imara ni lile lililofungwa: bati kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye ukuta, ukuta kwenye msingi. Kifungo kimoja kikilegea, uimara wa vingine vyote ni bure.

Fundi mzoefu akifika, hapandi ngazi kwanza. Anakwenda kuliko bati lililoanguka, analigeuza, anatazama tundu la msumari. Tundu likiwa limechanika kuwa mfereji, anajua bati lilikuwa jepesi au misumari ilikuwa michache, likajichomoa kichwani. Msumari ukiwa bado umening'inia kwenye bati, shina lake safi, anajua ulitoka kwenye papi: ulikuwa mfupi, au ubao umeliwa na mchwa. Na akikuta bati lingali limeshika papi, papi imeshika kenchi, na vyote vimelala shambani pamoja, hana haja ya kuuliza sana. Paa hilo lilipigiliwa vizuri, lakini halikufungwa ukutani hata siku moja.

Hata hivyo humuuliza mama mwenye nyumba. "Mayu, mlango wa nyuma ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi, fundi. Mbuzi walikuwa wanaingia."

Anatikisa kichwa, kisha ndiyo anaomba ngazi.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kulieleza. Msonge wa Kisukuma ulikuwa wa duara, hauna ukuta wa pembe tatu wa kupigwa na upepo. Fito zake zilifungwa kwa kamba, na paa la nyasi lilishuka chini karibu na ardhi. Pwani nako, fito hufungwa kwa kamba kwenye boriti za mikoko, na makuti hufungwa juu ya fito safu kwa safu. Tufani kubwa ni nadra huko lakini si ngeni. Aprili 1872 kimbunga kilifyeka mikarafuu ya Unguja, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Paa la makuti halina ahadi ya kushinda vimbunga. Ila likijeruhiwa, jeraha huwa la mahali pamoja: unatoa makuti yaliyopeperuka, unafunga mengine, na hakuna bati kali linaloruka na kumkata mpita njia.

Kisha likaja bati. Mwingereza Henry Robinson Palmer alilipatia hataza bati la migongo mwaka 1829, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukinga chuma kwa zinki. Huku kwetu lilinunuliwa kwa fedha za pamba, baadaye za dhahabu, na hakuna wa kumlaumu aliyelikimbilia. Haliungui kama nyasi, halitaki kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, na linakinga maji safi katika mkoa ambao maji si jambo la mchezo. Kosa letu lilikuwa moja: tulipokea bati, tukaacha kamba. Tulichukua kitu chepesi kuliko nyasi zilizoshonana, tukakiachia msumari peke yake.

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga Mwakata, wilayani Kahama, mkoa uleule wa Shinyanga. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiangukiwa na nyumba za udongo. Msiba ule ulionyesha wazi kwamba paa na ukuta ni kitu kimoja. Ukuta wa matofali mabichi usio na linta hauwezi kuzuia paa, na paa likishaondoka, maji huingia kutokea juu, udongo hulainika, ukuta hulala. Kwa hiyo fundi anayetazama mabati tu, akayanyoosha na kuyarudisha palepale, amefunika kombe mwanaharamu apite. Mwaka ujao ataitwa tena, kama wenye nyumba watakuwepo wa kumwita.

Mwenye kujua huanzia chini. Anatoboa ukuta kozi tatu au nne kutoka juu, anapitisha waya mnene, anauzungusha kwenye kenchi na kuukaza, ili paa likitaka kwenda liwe na kazi ya kubeba matofali yote yaliyo juu ya waya. Palipo na nondo za linta, anafunga humo. Ukuta ukiwa umeoza kabisa, anamwambia mwenye nyumba ukweli, na ukweli huo unaweza kumkosesha kazi. Halafu anaongeza papi karibu na upenu, anafupisha upenu uliotoka sana, na paa la baraza analitenganisha na la nyumba, ili baraza likienda liende peke yake. Mabati yaliyojikunja anayanyoosha kwa kipande cha ubao, matundu ya zamani anayaziba kwa lami, wala harudishi msumari kwenye tundu lililochoka. Yaliyochanika anayaweka katikati, mazima anayapeleka pembeni. Akipewa nafasi ya kuchagua, anataka geji 28 badala ya 32. Msumari anaupiga kwenye mgongo wa bati, si bondeni panapopita maji, na pembeni misumari anaisogeza karibu zaidi kuliko katikati. Mapishano ya mabati anayaelekeza upepo unakokwenda, si unakotoka.

Mwakitolyo kuna ufundi mwingine wa mbao, nao uko chini ya ardhi. Kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mtu wa matimba hufunga magogo ili udongo na mwamba visishuke. Juu, fundi wa paa hufunga mbao ili paa lisipande. Mmoja anapambana na uzito, mwingine na wepesi, na wote wawili wanategemea kifungo. Lakini heshima wanazopewa hazifanani. Mchimbaji hukagua matimba kabla ya kushuka. Akiona gogo limelegea, hashuki hata umuahidi nini. Mtu huyohuyo jioni anakwenda kulala na watoto wake chini ya mabati yaliyopigiliwa bora liende.

Sababu yake naielewa. Kambi ya dhahabu ni ya kuhama. Dhahabu ikikata, watu hung'oa mabati na kuyafuata maduara mapya, na nani atapoteza fedha kufunga waya kwenye nyumba ya msimu mmoja? Hoja hiyo ina uzito mpaka unapokumbuka kwamba upepo hauulizi nyumba ni ya msimu mmoja au ya urithi. Tena misimu ya machimbo ina tabia ya kurefuka: katika banda la miezi mitatu watoto huzaliwa, duka hufunguliwa, na mwisho panakuwa mtaa.

Ndiyo maana namwona fundi wa baada ya upepo kuwa mwalimu, japokuwa hatoi somo kwa mdomo. Anaikuta nyumba ikiwa wazi, mifupa yake yote ikionekana, na kwa siku moja au mbili mwenye nyumba anaweza kuona kilichomponza. Bati likishapigiliwa, nafasi hiyo imefungwa mpaka tufani nyingine. Waya uliomo ukutani haumpendezi mgeni, wala hauongezi kodi ya chumba. Kwa hiyo katika makadirio ya matengenezo ndio wa kwanza kufutwa, na fundi aliyeuandika huonekana mtu wa kutafuta ulaji.

Basi anayetaka kumheshimu fundi huyu amheshimu hapo kwenye makadirio. Apande ngazi aone waya kabla bati halijaufunika, na ujira wa siku aliyotumia kutoboa ukuta autoe kwa moyo uleule anaotolea fedha ya mabati mapya. Na kati ya mafundi wawili, mmoja akianza kwa kutaja bei ya mabati na mwingine kwa kuuliza habari za mlango wa nyuma, ampe kazi anayeuliza.