Amri ya Kuua Mateka katika Henry V: Matini, Jukwaa na Fasiri

Uhakiki wa Henry V, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika mwaka 1599, umegawanyika kati ya wanaomwona Henry kuwa mfalme shujaa na wanaomwona kuwa mvamizi mkatili. Makala haya yanadai kwamba jukwaani mgawanyiko huo hauamuliwi na hotuba zake mashuhuri, bali na kauli moja fupi ambayo mara nyingi huondolewa: amri ya kuwaua mateka wa Kifaransa huko Agincourt.

Katika matini ya mwaka 1623, mpangilio wa matukio una uzito wake. Mwishoni mwa onyesho la sita la tendo la nne, Henry anasikia mbiu ya vita, anatambua kwamba Wafaransa wamejipanga upya, na papo hapo anaamuru kila askari amuue mateka wake. Habari za kuuawa kwa wavulana waliolinda mizigo zinafika katika onyesho linalofuata. Hapo Gower anaieleza amri hiyo kuwa kisasi cha haki, na anamsifu mfalme. Hadhira, hata hivyo, imekwisha kuisikia sababu nyingine kinywani mwa mfalme mwenyewe. Pengo hilo baina ya tendo na maelezo yake linafichua jinsi sifa za mtawala zinavyofumwa na walio chini yake.

Filamu ya Laurence Olivier ya mwaka 1944, iliyotolewa Uingereza ikiwa vitani, iliiacha amri hiyo pamoja na vitisho vya Harfleur na njama ya wasaliti. Kenneth Branagh, mwaka 1989, alivirudisha vitisho na wasaliti, akaonyesha Bardolph akinyongwa; lakini amri ya mateka aliiacha pia. Matope na damu vya filamu yake vinaishutumu vita bila kumshutumu mfalme. Kinyume chake, Nicholas Hytner, aliyeiongoza tamthilia hii jijini London mwaka 2003, mwaka wa uvamizi wa Iraq, aliyaweka mauaji ya mateka mbele ya hadhira.

Inaweza kutetewa kwamba kila mwongozaji hana budi kufupisha. Hata hivyo, amri yenyewe haizidi mistari miwili; kuiondoa hakuokoi muda wowote. Kunaondoa ushahidi kabla hadhira haijapewa nafasi ya kuhukumu.