Umeuliza Habari za Mguu

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la muuza chai pale Benaco, malori ya kwenda Rusumo yamejipanga kando ya lami, madereva wananawa nyuso kwa maji ya madumu. Mwalimu alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kitabu cha nyimbo kanisani. Katika kundi la WhatsApp la kijiji watu walikuwa wanabishana tangu asubuhi juu ya mpaka wa shamba la shule, na jumbe zilikuwa zimepita arobaini. Wa mwisho alikuwa ameandika neno moja tu: "Uongo." Uongo upi, wa nani, hakuna aliyejua, na watu watatu walikuwa wameshaudhika.

Mwalimu alirudi juu polepole kwa kidole hadi akaufikia ujumbe wa kijana mmoja wa saa mbili asubuhi. Akaunakili. Akafuta yasiyohusika, neno baada ya neno, akaacha mstari mmoja. Palipokuwa na maneno aliyoyaondoa akaweka nukta tatu. Akafungua semi mwanzoni, akafunga semi mwishoni, akataja jina la kijana na saa aliyoandika. Kisha akashuka mstari, akaanza kumjibu. Nilimwuliza kwa nini asiuvute tu ujumbe ule kwa kidole ili simu iunukuu yenyewe.

"Simu inaonyesha mistari ya mwanzo," akasema. "Neno ninalomjibu liko mwishoni."

Chai yake ilikuwa imeshapoa.

Mkono ule wa kunukuu kabla ya kujibu niliufahamu tangu utotoni. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakajaa kwenye vilima vyetu vya Ngara, Tanzania. Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara pakageuka kuwa moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Wanaoisimulia Benaco ya siku hizo husimulia maturubai, foleni za maji, na miti iliyokatwa hadi vilima vikabaki vipara. Mimi huikumbuka kwa karatasi.

Zilikuwa karatasi za Msalaba Mwekundu. Hazikufungwa kwenye bahasha. Kila aliyezishika njiani aliweza kuzisoma, na ndiyo sababu ziliruhusiwa habari za familia tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili fomu za namna hiyo zilimpa mtu maneno 25, basi. Zile za Benaco zilikuwa na nafasi ya ujumbe, na nafasi ya jibu. Mtu aliyekuwa Benaco alimtafuta kwa karatasi hiyo ndugu aliyebaki ng'ambo ya mto Kagera, au aliyekimbilia Goma, na asiyejua kuandika alimtafuta wa kumwandikia. Mwalimu ni Mhangaza, na Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu wa tumbo moja. Walimjia.

Kuna mama mmoja aliyeletewa ujumbe na kaka yake. Mwalimu alimsomea mara mbili, ya pili polepole, akinyoosha kidole kila penye swali. Maswali yalikuwa matatu, yamechanganyika na salamu: mtoto mdogo yuko na nani, baba mkubwa alionekana wapi mara ya mwisho, na mguu wa mama yao. Mama yule alitaka kuanza na kilio chake mwenyewe. Mwalimu akamwambia kwa upole, "Tumjibu kwanza aliyeuliza." Akaandika: Umeuliza, "Mguu wa mama unamsumbua bado?" Umepona, ila hatembei mbali. Akashuka mstari. Umeuliza...

Nafasi ilikuwa finyu, na mimi mtoto niliona anaipoteza kwa kuandika tena maneno ambayo kaka yule mwenyewe alishayasema. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Kaka yule naye huenda hakujua kusoma. Jibu lingesomwa na mtu mwingine, kwa sauti, mbele ya hema lenye watu kumi, baada ya wiki nyingi ambazo ndani yake mtu amesahau hata siku aliyouliza. Angesikia "umepona" peke yake, angebaki anajiuliza ni nani aliyekuwa mgonjwa. Lakini zaidi ya hilo, angesikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kama alivyoyatamka, "unamsumbua bado," na hapo angejua kwamba upande wa pili kuna mtu aliyemsikiliza hadi mwisho. Kwa waliopoteza kila kitu njiani, hilo halikuwa dogo.

Adabu hii haikuzaliwa Benaco. Waandishi wa nyaraka wa pwani, hata kabla ya herufi za Kizungu, walimwambia mwenzao kwanza kwamba waraka wake umewasili na yote aliyoyataja wameyafahamu. Washairi wa Mombasa wa zama za Muyaka bin Haji walipolumbana, mwenye kujibu aliweza kushika vina na mizani ya mwenziwe, akaubeba mzigo wa mwenziwe kabla ya kuutua wake. Hata barua zetu za serikali, ambazo watu huziona kavu, huanza kwa kurejea barua yako yenye kumbukumbu namba fulani ya tarehe fulani. Naupenda mstari ule. Unasema: wewe ulitangulia kusema, mimi nafuata.

Na kambini tuliona yanayotokea neno linapotembea bila mwenyewe. "Wanasema." Wanasema aliyerudi amefanyiwa hivi, wanasema daraja litafungwa kesho, wanasema chakula kimekwisha. Nani kasema, na kasema vipi hasa, hapakuwa na wa kumwuliza, na watu waliokuwa na hofu ya kweli waliongezewa hofu ya kusikia. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi, ilikuja katikati ya kiu hiyo ya habari yenye mwenyewe. Desemba 1996 serikali ya Tanzania ilipoamuru wakimbizi warudi, malaki wakashika barabara ile ile na kuvuka daraja lile lile, na uvumi ukavuka nao.

Kiswahili kina jina la kosa hili: kumlisha mtu maneno. Mimi nimelishwa. Katika kundi moja niliandika kwamba sioni ubaya wa kuuza kiwanja fulani iwapo wenye haki wote watakubali. Mtu akapiga skrinshoti, akaikata kwenye neno "kiwanja". Kabla ya magharibi ilikuwa imezunguka makundi matatu, na shangazi yangu ananipigia simu analia. Maneno yalikuwa yangu, kila herufi. Kilichokosekana ni nukta tatu. Mwalimu huziweka hata anapomnukuu mtu anayempinga, hata kama yaliyoondolewa ni salamu tu, ili msomaji ajue kwamba hapo kisu kimepita.

Nawatazama vijana wetu wanavyojibizana na moyo unaniuma, kwa sababu wana vifaa ambavyo mwalimu hakuwahi kuviota. Karatasi zile zilisafiri wiki, zikiwa na nafasi finyu, na bado alipata mahali pa kuliweka neno la mwenzake. Leo nafasi haina mwisho na jibu linafika kabla hujapepesa jicho, nasi tunatupiana "uongo" na "sawa" na vikaragosi vya kucheka, au tunasukuma mbele ujumbe mzima wa mtu mwingine, mrefu kama msafara wa siafu, ili kuongeza neno moja mkiani. Anayeingia jioni hajui ni nani anajibu nini. Anachagua upande kwa kuangalia majina.

Kuna jambo mwalimu alinieleza siku ile pale kwenye benchi ambalo hakuwahi kunieleza kabla. Ujumbe wa karatasi zile usiompata aliyeandikiwa ulirudishwa kwa aliyeutuma. Alikuwa akiwaona akina mama wanapewa karatasi zao wenyewe, upande wa ujumbe umechakaa kwa kushikwashika, nafasi ya jibu ni nyeupe kabisa. Wengine walimletea aisome, wakidhani huenda pameandikwa kitu wasichokiona.

Akamaliza kuandika. Akasoma tena mstari wa kijana, kisha wake, akatuma. Alama mbili zikatokea, na baadaye, watu wote walipokwisha kufungua, zikageuka bluu. Tulingoja. Mtu mmoja akaweka picha ya ua na maneno ya kutakiana mchana mwema, mwingine akauliza bei ya maharage. Mwalimu aliilaza simu kwenye benchi, kioo juu, akaagiza chai nyingine, akaendelea kuitazama.