Orodha ya Shule na Watoto Wasiohesabiwa

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa darasa la saba yatokapo, wazazi huuliza neno moja: Shule yetu imekuwa ya ngapi? Swali hilo ni jema, maana aulizaye ana haja na shule yake. Walakini namna ya kulijibu yataka kupimwa, na hapa twapenda kuipima.

Mwaka 2012 mtihani huo ulileta majonzi Tanzania Bara. Katika kila watoto 100 walioufanya, wapata 31 tu ndio waliofaulu. Mwaka uliofuata Serikali ilianzisha mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa, na mojawapo la mambo yake lilikuwa kuzipanga shule kwa alama na kuzitangaza mbele ya watu, tangu ya kwanza hata ya mwisho, kwa nchi nzima na kwa kila wilaya. Zilipewa na rangi: kijani kwa zilizofanya vema, manjano kwa za katikati, nyekundu kwa zilizo nyuma. Nafasi ya shule katika orodha haikumletea mwalimu mkuu fedha wala kumpunguzia mshahara. Aibu tu ndiyo iliyotumwa kufanya kazi.

Je, ilifanya kazi? Wataalamu watatu, Cilliers, Mbiti na Zeitlin, walizichungua hesabu za shule za tangu mwaka 2011 hata 2016, na makala yao ilitolewa mwaka 2021. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipanda kweli. Jambo hilo tusilidharau, maana dawa nyingine za shule zimegharimu fedha nyingi zisiponye kitu. Nguvu waliyoipima ni ile ya nafasi ya shule kati ya jirani zake, wala si kati ya nchi nzima, nasi tulio walimu haitushangazi. Kuwa shule ya elfu kumi na mbili katika nchi ni kama habari ya mvua iliyonyesha ng'ambo. Kuwa ya mwisho wilayani, na kusimama mkutanoni mbele ya wenzako huku afisa elimu akikutazama, hiyo yachoma.

Lakini makala hiyo hiyo ina neno la pili, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Shule zilizosukumwa na orodha ziliwaacha nyuma kwa makusudi baadhi ya watoto, wasifike darasa la saba.

Msomaji na achukue kijiti aandike mchangani. Shule ina watoto 40 wa kufanya mtihani, na 16 wafaulu: ni 40 katika 100. Sasa mwalimu mkuu awatoe wanane walio dhaifu; mmoja arudishwe darasa la sita, mwingine baba yake ashauriwe kwamba mtoto huyu afaa zaidi kuchunga. Wabaki 32, wafaulu wale wale 16: ni 50 katika 100. Shule imepanda orodhani, na huenda ikaondoka katika nyekundu, wala hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza herufi moja zaidi. Hesabu ni sahihi kabisa. Ubaya wake ni kwamba yawahesabu walioketi mtihanini, haiwahesabu waliokabidhiwa shule na wazazi wao. Na mtoto akiisha kutoka daftarini, orodha haina jicho la kumfuata.

Wako watakaosema, basi tuziache orodha. Ni kweli kwamba mwezi wa Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutaja shule bora. Sisi hatuoni kwamba kunyamaza kutaiinua shule ya kijijini. Mzazi asiyeweza kuingia darasani na kupima mafundisho atajuaje kwamba mwanawe akaa miaka saba bila kusoma? Tunalolipinga ni kipimo, si nuru.

Na kipimo kingine chawezekana. Katika jaribio la KiuFunza, lililofanywa na Twaweza miaka ya 2013 na 2014 katika shule 350, mwalimu wa madarasa matatu ya kwanza alilipwa kwa kila mtoto aliyefaulu Kiswahili, Kiingereza au hesabu. Hapo kumficha mtoto hakuleti faida, maana fungu halikatwi kwa wasiofaulu. Mjinga wa leo ni fedha ya kesho akifundishwa. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha maendeleo ya masomo. Zilizopewa ruzuku pamoja na malipo hayo kwa walimu ndizo zilizoendelea vema. Twakiri kwamba kumlipa mwalimu kwa kichwa kwatuudhi kidogo, maana kazi yetu si ya kuvuna karafuu; lakini kanuni ya kumhesabu kila mtoto ni njema, hata pasipo fedha.

Basi rai yetu ni kwamba shule ihesabiwe kwa watoto walioingia, si kwa walioketi. Hili halingoji amri ya Wizara. Katika mkutano ujao wa wazazi, kamati ya shule na imwombe mwalimu mkuu alete madaftari mawili: la darasa la kwanza la miaka sita iliyopita, na la waliofanya mtihani mwaka huu. Yasomwe majina kwa sauti, moja moja. Waliohama watajwe walikohamia, na waliofariki wakumbukwe. Kwa kila jina litakalobaki, mkutano usifungwe kabla haijaulizwa yuko wapi, na ni nani atakayekwenda kwao kesho kumwita.