Mwalimu Aliyekataa Msaada

Mchezo wa televisheni uitwao Breaking Bad, ulioonyeshwa Marekani tangu mwaka 2008 hata 2013, umenifurahisha na kunitia hofu. Walter White, mwalimu wa kemia mjini Albuquerque, apatwa na saratani ya mapafu. Ndipo aanzapo kupika madawa ya kulevya, akisema awatafutia mali watu wa nyumbani mwake. Wengi husema umaskini ndio uliomponza. Mimi sikubali. Rafiki zake wa zamani walitaka kumlipia matibabu, naye akakataa kwa kiburi. Mwisho akaungama mwenyewe kwamba aliyatenda kwa ajili ya nafsi yake. Nami, mwalimu kama yeye, nalikuwa nikimwombea asikamatwe! Huo ndio uzuri wa mchezo huu: kisingizio chema kilichompofusha yeye kilinipofusha na mimi mtazamaji.