Sungura Wetu Hasafiri

Ndugu msomaji, chukua kitabu chochote cha watoto chenye picha za wanyama, kile chembamba chenye pini mbili mgongoni. Kifungue. Utamkuta Sungura, naye ni mjanja. Fisi ni mlafi. Simba ana nguvu lakini kichwani hamna kitu. Funga, chukua cha pili. Sungura mjanja tena, Fisi kala tena, Simba kaingizwa mjini tena. Ukurasa wa mwisho lazima ukutane na neno FUNZO kwa herufi kubwa, kana kwamba mtoto aliyecheka kurasa kumi na tano anatakiwa alipie kicheko chake kabla ya kutoka.

Sisi tuliosoma fasihi hadi kidato cha nne tulifundishwa kuwaita wahusika wa namna hii wahusika bapa, na ticha akatuambia bapa si tusi. Sawa. Mimi sigombani na ubapa. Ninachogombana nacho ni kwamba wanyama hawa hawaendi popote. Kisa kinaanzia kwenye shamba moja na kinaishia hapo hapo, baina ya kisima na mti wa matunda. Na yule anayethubutu kutoka, kifaranga aliyemwacha mama yake au mbuzi mdogo asiyesikia, mara nyingi sana analiwa. Sasa mimi naandika haya nikiwa Nanganga, njia panda ambapo barabara ya Ruangwa inaachana na ile ya Masasi. Hapa kila siku mtu anashuka na begi na mwingine anapanda na begi. Vijana wa Kusini waliondoka kwenda Dar es Salaam kuuza vitu mkononi hadi nchi nzima ikawaita wauza bidhaa wa mitaani Wamachinga, jina ambalo wengi wanasema limetoka huku kwetu Lindi. Halafu mtoto wa hapa anapewa kitabu kinachomwambia kwamba anayetoka nje ya kijiji huliwa. Je, kaka yake aliye Kariakoo kaliwa?

Tusisingizie kwamba ndivyo ngano zetu zilivyo. Hebu turudi nyuma. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa Zanzibar, na miongoni mwake imo ile ya Sultani Darai, ambamo shujaa ni paa. Maskini mmoja anayechakura jaani kutafuta punje za mtama anaokota thumuni, anamnunua paa mdogo, watu wanamcheka. Paa huyo anaokota almasi, anasafiri hadi kwa sultani wa mbali, anasema ametumwa na bwana wake mkubwa, anamposea binti. Kisha anatoka tena kutafuta nyumba ya kumweka bwana harusi, anapambana na nyoka mwenye vichwa saba na kumuua. Wenzangu, hiyo ni safari! Ndani yake mna uongo, biashara, hofu na damu. Halafu paa anaugua, na yule aliyetolewa jaani hataki hata kumpikia uji wa maana. Paa anafariki, na bwana mkubwa anajikuta amerudi jaani anachakura.

Hadithi hiyo nzito haihitaji ukurasa wa FUNZO. Mtoto wa miaka minane ataumia mwenyewe kwa ajili ya yule paa, na kuumia huko ndiko kusoma. Ilifika mpaka Chicago, ambako George Bateman aliitia kwenye kitabu chake cha hadithi za Zanzibar mwaka 1901, na mwaka huo huo Andrew Lang naye akaitoa Uingereza. Paa wetu kasafiri kuliko waandishi wake.

Na picha je? Hapo watu wa Kusini tuna haki ya kutoa kifua mbele. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, mama yake Mmakua. Akaenda Tanga kwenye mkonge, akaenda Dar, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye mbao za mraba kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, lakini chui wake wa madoa walibaki. Mwaka 2010 televisheni ya Uingereza ilionyesha katuni zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo na kwa jina hilo. Nzuri machoni, sikatai. Ila zile nazo ni za kwa nini: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini huyu yuko hivi na yule vile. Mnyama anaishia kueleza umbo lake, kama mtu anayejaza fomu.

Kwangu mimi aliyeichukua ile rangi akaipa mwendo ni John Kilaka, mzaliwa wa upande wa Sumbawanga, aliyejifunza kwa wachoraji wa Tingatinga. Wanyama wake wanavaa nguo, wanajitwika mizigo, wanakwenda sokoni. Katika kitabu chake cha samaki, kilichotoka mwaka 2001, Sokwe anapeleka samaki wake sokoni na Mbwa anamwibia, na unaona njia yenyewe kama unavyoiona ukiwa juu ya roli. Katika kile cha mti wa ajabu, cha mwaka 2009, kuna njaa, kuna mti uliojaa matunda yasiyodondoka hadi uutaje kwa jina, na jina analijua Kobe. Wakubwa wanakwenda kuliuliza, wakirudi wanalisahau njiani. Mdogo anayedharauliwa ndiye analifikisha. Ujanja hapo haumo. Shujaa ni yule aliyekwenda, akakumbuka, akarudi. Hadithi ya namna hiyo imesimuliwa sehemu nyingi za Afrika, lakini Kilaka ameijaza vumbi na uchovu, mpaka unasikia kiu.

Lakini kitabu chake ninachokiweka juu ya vyote ni cha Panya na Tembo, cha mwaka 2004. Panya ndiye anayejua kuwasha moto. Ukame unakuja, chakula kinawekwa akiba, Tembo anakibeba chote kukihifadhi nyumbani kwake, na njaa ilipofika anamnyima rafiki yake. Panya anaondoka. Tazama hapo: mdogo anaondoka, wala haliwi! Wanaoumia ni waliobaki, maana moto umekwenda naye. Baadaye Tembo anatubu na wanapatana.

Nimesema nakipenda, na hapo hapo nina swali. Msomaji wa Nachingwea, Ruangwa au Liwale anamjua tembo anayechukua chakula, si kwa mfano. Tembo wanaingia mashambani huku kweli, wanakula mahindi na kuua watu. Simba ndiyo usiseme. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, na Lindi ilikuwa kati ya sehemu zilizoumizwa zaidi. Watafiti walieleza na sababu: nguruwe pori wanakula mazao, kwa hiyo wakulima wanalala shambani kuyalinda, na simba anayewafuata nguruwe anawakuta watu. Sasa mtoto aliyewahi kulala kwenye dungu usiku na baba yake, akisikia majani yanachakarika, umwambie Simba ni mjinga aliyetumbukizwa kisimani na Sungura? Atacheka, ndiyo, na pengine anahitaji kicheko hicho kuliko mtoto wa mjini. Bibi zetu nao walicheka huku wanaogopa. Ila mchoraji anayempaka simba macho ya paka wa nyumbani, bila hata kivuli cha ile hofu, huyo anaharibu kicheko chenyewe. Kilaka amenusurika kwa sababu Tembo wake ni mkubwa kweli, anaijaza nyumba.

Tatizo kubwa liko kwenye mfuko. Vitabu hivi vya Kilaka vilitoka kwanza kwa Kijerumani, mjini Zürich, na viwili vya mwanzo vikatolewa kwa Kiingereza Kanada. Rangi imetoka Tunduru, hadithi imetoka Rukwa, anayesoma yuko Uswisi. Silaumu. Kuchapa rangi nne ni gharama, si mchezo, na mchapishaji wa hapa akishachapa anamwuzia nani? Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulijaribu kulifungua fundo hilo kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka mashuleni, na bila huo hata hao Sungura wenye pini mbili tusingewaona. Tangu mwaka 2014 kuna pia African Storybook, hadithi za picha za bure, za Kiswahili zimo, mwenye simu anazisoma. Ubora ni mchanganyiko mtupu. Kuna nyingine zimeandikwa kama ripoti ya semina (mhariri akipenda aikate sentensi hii). Lakini hakuna mlinzi mlangoni, mtu yeyote anaweza kuandika yake.

Basi wenzangu mnaoota riwaya kama mimi, na mnaoona kitabu cha watoto ni kazi ya chini, hebu jaribuni kurasa kumi na sita tu, sentensi mbili kila ukurasa, mnyama mmoja anayetoka nyumbani kwa sababu yake mwenyewe na kurudi akiwa mwingine. Mimi nimeshajaribu mara nne. Ya kwanza ilimalizika na funzo kabla sijajua. Hii ya nne ni ya nguruwe pori jike anayevuka barabara ya lami usiku na watoto wake watano kufuata mbaazi, na mpaka sasa sijaamua mwenye shamba akiamka nimshangilie nani.